Paka na maua ya ndani: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Dar

Mimi nauza maua ya vyungu na nyumbani nafuga paka, kwa hiyo haya maswali yananifikia kutoka pande zote mbili, kuna anayeuliza kabla hajanunua na kuna anayepiga simu saa nne usiku paka anatokwa na udenda. Nimeyapanga kuanzia yale ya kawaida mpaka yale ya ajabu ajabu. Kama paka wako ameshatafuna kitu sasa hivi usisome kuanzia juu, shuka moja kwa moja mpaka sehemu ya "Ameshakula". Na mimi sio daktari wa mifugo, hili lieleweke mapema.

## Mambo ya kuanzia

Kwani paka si anajua mwenyewe asile nini?

Hajui. Mtaani watu wanaamini sana kwamba mnyama ana akili yake, ananusa anaacha, lakini paka wa ndani ambaye hajawahi kukutana na ua lililotoka nje ya nchi atalijulia wapi? Halafu paka ni mla nyama kabisa, ini lake halina uwezo mzuri wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo binadamu na mbwa wanazivunja bila shida. Ndio maana kitu ambacho wewe ukikishika hakikufanyi chochote, yeye kinamlaza.

Na mara nyingi wala hajala kwa njaa, ni mchezo tu, jani linaning'inia linacheza na upepo wa feni naye analipiga kofi, anang'ata, basi. Au hajang'ata kabisa, kapita tu akajipaka unga wa ua kwenye manyoya halafu akakaa kujilamba. Kwa paka kujilamba ni sawa na kula.

Kama ni mla nyama, mbona anatafuna majani?

Ni kawaida yao, hata paka mzima wa afya anafanya, anakula nyasi, pengine anatapika, maisha yanaendelea. Tatizo ni paka anayeishi gorofani, Upanga au Kariakoo, hana nyasi, ana vyungu vyako tu. Hamu yake ya majani ataimalizia hapo hapo, kwa hiyo mpe ya kwake, nimeeleza kwenye swali la majani ya kumpandia.

Nina maua na paka miaka yote na hakuna kilichotokea, si mnatutisha tu?

Hapana, na wala sikwambii utupe kila kitu. Watu wanapochanganya ni kuweka maua yote kwenye kapu moja la "sumu". Kuna yanayochoma mdomo na kumtapisha, atateseka siku moja mbili halafu anapona. Kuna yanayogusa moyo. Na kuna machache, lili na saikasi (ile inayofanana na mtende mfupi) yakiwa mbele, ambayo yanaua figo au ini na ukichelewa humrudishi. Kundi la kwanza unaweza kukaa nalo ukilipangia mahali. Hilo la mwisho mimi nasema lisiingie ndani kabisa, juu ya kabati wala bafuni, na msimamo wangu huo sibadilishi hata mteja akinuna.

Ni paka tu, au na mbwa na watoto?

Inategemea ua. Lili inaua figo za paka, mbwa akila mara nyingi anaharisha tu. Saikasi haichagui, inaua mbwa na paka. Yale yanayochoma mdomo yanachoma na mtoto pia, kwa hiyo ukiyaondoa kwa ajili ya paka na mtoto anayetambaa kapona.

## Ua lipi ni lipi

Nikitaka kukumbuka moja tu la kuogopa, ni lipi?

Lili. Nazungumzia lili halisi, yale maua makubwa ya petali sita yanayowekwa kwenye mashada ya harusi, sendofu na misiba, meupe au ya pinki yenye madoa, katikati kuna vijiti vyenye unga wa rangi ya kahawia au machungwa ambao ukigusa shati hautoki. Kwa majina ya kitaalamu ni Lilium, na Hemerocallis, linalofanana nalo na hupandwa bustanini, nalo limo humo humo.

Kila sehemu ni sumu: jani, petali, shina, ule unga, hata maji ya kwenye chombo ulichoyaweka. Kipande cha jani kinatosha. Unga kidogo kwenye manyoya unatosha. Mpaka leo kemikali yenyewe inayofanya hiyo kazi haijajulikana kwa uhakika, kinachojulikana ni matokeo, figo zinakufa.

Na ujanja wake ni huu, masaa ya mwanzo paka anatapika, anatokwa na udenda, anakataa chakula, halafu anaonekana kama amepata nafuu na wewe unashukuru Mungu. Wakati huo figo ndio zinaharibika, kati ya saa 12 na 24 hivi tangu ale anaanza kukojoa sana na kukaukiwa maji, baada ya hapo mkojo unapungua mpaka unakata, na siku ya tatu au ya nne unazika. Akianzishiwa dripu ndani ya saa 18 tangu ale, uwezekano wa kupona ni mzuri. Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu sana. Kwa hiyo kwa lili unahesabu masaa tangu alipogusa, husubiri dalili.

Na pisi lili je, ile ya kijani yenye ua jeupe moja moja?

Hiyo sio lili, ni jina tu la sokoni. Pisi lili na kala lili ziko ukoo mmoja na magimbi, haziui figo, zinachoma mdomo. Kuitambua ni rahisi: ua lake ni kama jani moja jeupe lililojikunja na katikati kuna kijiti kimoja kinene. Ukiona petali sita na vijiti vyenye unga, hiyo ni lili halisi. Muuzaji akikwambia "hii ni lili tu" usiridhike, angalia ua mwenyewe, maana barabarani kila mtu ana majina yake, mimi nikiwemo.

Kuna nyingine za kuangalia huku kwetu. Yale maua meupe ya petali nyembamba kama buibui pamoja na kriniamu, yanayopandwa kwenye bustani nyingi za Dar, hayaui figo ila kitunguu chake cha chini kina sumu ya kumtapisha vibaya. Na gloriosa, linalotambaa kwa vijikono vya kwenye ncha za majani, lina ua jekundu na njano kama ulimi wa moto, linaota lenyewe porini na kwenye uzio. Hilo ni hatari kwelikweli, lina sumu inayoitwa kolikisini, mizizi yake ndio mibaya zaidi, inaua mtu seuze paka.

Saikasi?

Ile inayofanana na mtende mfupi, majani magumu yenye ncha za kuchoma, imepangwa kwenye geti la karibu kila nyumba Mbezi Beach na Masaki. Sio mtende. Ina sumu inayoitwa saikasini, inaua ini. Mmea mzima ni sumu, mbegu zake za rangi ya machungwa ndio kiboko. Paka anaanza kutapika ndani ya masaa, siku ya pili ya tatu macho na fizi vinakuwa vya njano, na hata waliowahi hospitali wengi hawatoki.

Paka hawaipendi sana kwa sababu ya ugumu, mbwa ndio wanaochezea mbegu, lakini kuna saikasi ndogo za kwenye chungu za kuweka mezani na hizo majani bado laini. Sinunui, siuzi. Jumapili ya Matawi pia, kama hukupata mtende halisi na mtu amekukatia la saikasi kwa jirani, usilirudishe ndani likaning'inie ukutani mwaka mzima.

Mani planti, monstera, difenbakia, zizi planti, kaladiamu. Zote hizi nimeambiwa sumu, nifanyeje jamani, ndio sebule yangu yote!

Tulia. Zote ni kundi la magimbi na zote zina kitu kile kile, fuwele za kalsiamu oksaleti, ni kama visindano vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Si unajua gimbi likiwa halijaiva vizuri linavyokuwasha koo? Ndio hiyo hiyo. Paka aking'ata visindano vinachoma ulimi na fizi hapo hapo, anaachia, anatokwa na udenda, anajipangusa mdomo kwa mikono, pengine anatapika, hataki kula mpaka kesho yake.

Kwa sababu maumivu yanakuja papo kwa papo ni nadra ale nyingi. Difenbakia ndio kali kuliko wenzake, inaweza kuvimbisha ulimi na koo, akianza kuhema kwa shida hapo ni kukimbia hospitali. Zizi planti watu wanaisingizia mambo mengi, eti ukiigusa unapata saratani, hakuna kitu kama hicho, mmea wenyewe asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na una fuwele zile zile tu.

Uamuzi wangu: difenbakia nampa mtu asiye na paka. Nyingine unaweza kubaki nazo kama ziko mahali asipofika, na mani planti usiiache ininginie kama kamba maana unamtengenezea mdoli.

Sneki planti, masale na bambuu ya bahati?

Hizi ni ndugu, zote za ukoo wa dresina. Zina saponini, zinatoa povu tumboni, paka anatapika, anaharisha, analegea, na akila dresina unaweza kuona mboni za macho zimetanuka. Ni nadra kuua. Masale ambayo Wachaga wanaombea msamaha nayo yamo humu humu, kwa hiyo kama mzee wa Moshi kakuwekea uani kwa heshima zake usiling'oe, weka wavu tu kuzunguka. Bambuu ya bahati inayouzwa kwenye glasi ya maji sio mwanzi, ni dresina, na mwanzi wa kweli hauna shida.

Alovera ni dawa, itamdhuru vipi?

Ule ute mweupe wa katikati sio tatizo kubwa, tatizo ni majimaji ya njano machungu yaliyo chini ya ganda. Yanamharisha na kumtapisha, na kwa kiumbe cha kilo 3 au 4 kuharisha siku nzima kwenye joto la Dar la Januari sio jambo dogo. Na usimpake kwenye kidonda akailamba.

Yapi yanagusa moyo?

Oleanda, yenye maua ya pinki au meupe, pamoja na ile ndugu yake ya maua ya njano kama kengele ambayo watu wameifanya uzio. Adeniumu, lile lenye shina nene lililovimba chini, maua ya pinki, siku hizi liko kila kibaraza, utomvu wake watu wa zamani walikuwa wakipaka kwenye mishale ya kuwindia. Na kalanko, kale kadogo ka maua mengi mengi ya rangi kanakouzwa kwenye kopo. Haya yana kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Paka anatapika, anakosa nguvu, mapigo yanaenda ovyo. Kalanko ndio jepesi kidogo kati yao lakini ndio lililo mezani kwako, kwa hiyo nalihesabu sawa.

Adeniumu likae nje kwenye jua, wala halipendi ndani. Ukilikatia matawi okota vipande vyote.

Mnyaa, taji la miiba, krotoni, poinsetia?

Utomvu. Ukivunja tawi maziwa yanatoka, yakiingia machoni yanaweza kuunguza, mdomoni yanawasha. Mnyaa ndio mkali zaidi. Poinsetia linalotolewa sana Krismasi limepewa jina baya kuliko linavyostahili, ni kuwashwa tu na kutapika kidogo.

Yasmini, waridi, mrehani, mchaichai?

Yasmini halisi salama, asumini zako za kikuba usiwe na wasiwasi, ila kuna kichaka kingine kinachonukia usiku tu, maua membamba ya kijani kibichi kinaitwa cestrum, hicho ni sumu na hakina undugu na yasmini. Waridi salama, angalia miiba. Haibiskasi salama. Mrehani salama. Mchaichai paka wanaupenda ajabu, akila majani mawili matatu hakuna neno, akila kichaka kizima tumbo litamchafuka, na mafuta yake yaliyokamuliwa ya kwenye chupa usiyaweke karibu naye kabisa.

Haya nitajie basi ya kuweka bila presha.

Spaida planti, ferni za Boston, kalathea, peperomia, haworthia (inafanana na alovera ndogo lakini haina shida), okidi zile za ua kama kipepeo, na areka, mtende mwembamba wa kwenye ofisi. Mgomba mdogo wa chungu nao salama ila atauchana kama karatasi.

Na ninalolipenda zaidi, urujuani wa Usambara. Hili ua dunia nzima wanaliweka madirishani na lilitoka kwetu, Tanga, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892. Halina sumu kwa paka. Linataka kivuli, maji kwa chini, na chumba chenye ubaridi kidogo, kwa joto letu ni la kubembeleza.

## Nyumbani kwako

Nikiweka juu ya kabati la tivi si inatosha?

Kwa mbwa ndiyo. Kwa paka, angalia kwanza kuna nini karibu, stuli, mkono wa kochi, pazia, grili ya dirisha. Grili za Dar ni ngazi ya paka kabisa. Kinachofanya kazi ni kuning'iniza kwenye dari mbali na kila kitu, au chumba ambacho mlango unafungwa na watu wote wa nyumbani wanajua unafungwa, dada wa kazi akiwemo. Mwambie na sababu, sio amri tu, maana yeye ndiye anayeshinda na huyo paka na ndiye atakayeona wa kwanza.

Na majani yanayodondoka umesahau. Ua liko juu, jani kavu liko chini ya meza.

Nikinyunyiza pilipili au siki au maganda ya machungwa?

Pilipili hapana, itaingia machoni na miguuni atalamba. Siki itaua mmea. Maganda ya machungwa paka wengi hawapendi harufu yake, lakini yanakauka siku mbili harufu imeisha na yeye kasharudi. Mawe makubwa juu ya udongo yanasaidia asichimbe wala asifanye choo, kwa majani hayasaidii.

Mbolea na dawa za wadudu je?

Hapa watu wanapasahau na kwangu mimi pana hatari kuliko nusu ya maua niliyotaja. Dawa nyingi za kupuliza zina permethrini au ndugu zake, paka hawezi kuzivunja mwilini, anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Ukipuliza, paka akae chumba kingine mpaka ikauke kabisa. Poda ya viroboto ya mbwa usimpake paka, hata robo. Dawa ya konokono tunayomwaga bustanini wakati wa masika nayo inaua haraka, na ina ladha ya kuvutia. Maji yanayobaki kwenye kisahani chini ya chungu mwaga, paka wanapenda kuyanywa na mbolea yote imo humo.

Nimpandie majani gani ya kwake?

Ngano. Nunua ngano nzima sokoni, loweka usiku mmoja, mwaga kwenye kopo lenye udongo, wiki moja umepata. Shayiri pia. Usipande mtama, mche wake mchanga una sianidi, wafugaji wanalijua hili kwa ng'ombe wao. Weka kopo mahali anapopenda kulala, sio kwenye kona ya karibu na mani planti.

Nimeletewa shada la maua, nitajuaje lina lili?

Lifungue kabla hujaliingiza ndani. Tafuta petali sita na unga, tafuta na machipukizi marefu ya kijani ambayo hayajafunguka, hayo yatafunguka keshokutwa ukiwa umeshajisahau. Ikiwemo, shada zima linabaki nje, sio kutoa lili tu maana unga umeshamwagikia wenzake. Wengine wanakata vile vijiti vya unga wanaona wamemaliza, jani bado linaua. Ukienda kwenye sherehe ukabeba shada hilo kifuani, badili nguo kabla hujampakata.

Ukiagiza wewe, sema waziwazi: waridi, jebera, alizeti, hakuna lili. Muuza maua hachukii.

Nimepanga, maua ni ya mwenye nyumba, siwezi kung'oa.

Kaongee naye kwa adabu, mpelekee na wazo la kupanda kingine badala yake, wengi wanakubali ukijitolea kununua mche. Akikataa, zungushia wavu wa kuku. Kwa saikasi angalau omba ruhusa ya kukata zile mbegu kila zinapotoka.

Paka wangu anazurura mtaa mzima, sasa nitamchunga vipi?

Huwezi, ukweli ndio huo. Ila paka wa nje ana nyasi nyingi za kuchagua na mara nyingi majani ya sumu hayagusi, tofauti na yule wa ndani aliyeboreka. Kinachomuua sana wa nje ni sumu ya panya na magari. Waambie majirani wa karibu kuhusu lili, basi.

## Ameshakula

Nimemkuta anatafuna, nianze na nini?

Mtoe hapo, toa mabaki mdomoni kwa kitambaa chenye maji safi, akikubali mpe maji anywe mwenyewe. Kama ana unga wa lili kwenye manyoya mfute na umuoshe eneo hilo kabla hajalamba. Chukua kipande cha mmea kwenye mfuko, piga na picha ua zima, andika saa. Piga simu kwa daktari kabla hujatoka, uliza kama anatibu paka na kama ana dripu na kanula ndogo (kile kijisindano cha kupitishia dripu), maana wapo wanaoshughulika na kuku na ng'ombe tu na utapoteza saa nzima kwenye foleni ya Mwenge bure. Mbebe kwenye tenga la kuku au ndani ya foronya, usimpakate kwenye bodaboda.

Kama ni lili au saikasi unaondoka sasa hivi hata kama anacheza. Adeniumu, oleanda, kalanko, vivyo hivyo. Kama ni kundi la magimbi na anahema vizuri, osha mdomo, mpe kitu laini, mwangalie, na umpigie daktari.

Nimpe maziwa? Mafuta? Mkaa? Maji ya chumvi?

Maziwa hayaondoi sumu. Kijiko cha maziwa au mtindi kinaweza kumtuliza mdomo aking'ata mani planti, hapo sawa, kwa lili hakifanyi lolote zaidi ya kukupotezea muda. Mafuta ukimlazimisha yanaingia mapafuni. Maji ya chumvi yenyewe ni sumu. Mkaa wa jikoni sio ule wa hospitali. Usimtapishe kwa kidole wala kwa dawa yoyote ya nyumbani, mimea inayochoma itachoma tena ikipanda.

Na Panadol, nakuomba sana, usimpe. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka aliyekuwa mzima kabisa.

Dalili zipi, na nitajuaje sio sumu ya panya?

Kwa macho tu hutajua. Kutapika, udenda, kukataa kula na kujificha chini ya kitanda viko kwenye karibu kila kitu. Kinachosaidia ni ushahidi: jani lenye alama za meno, vipande kwenye matapishi, unga puani. Kutokwa damu puani au kwenye fizi kunaelekea zaidi kwenye sumu ya panya, kutetemeka na degedege kwenye dawa za wadudu. Mwambie daktari vyote vilivyopo nyumbani, na hata kama ulimwaga sumu ya panya ukaona aibu, sema.

Alitapika mara moja na sasa yuko fresh, bado niende?

Kama ni lili, ndiyo. Rudi ukasome jibu la lili, hiyo nafuu ni ya uongo. Kama ni sneki planti au alovera na amekula chakula chake na kukojoa kawaida, mwangalie saa 24.

Ni usiku, daktari simpati.

Tafuta namba leo, sio siku hiyo. Uwe na mbili au tatu, na hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, sio muuza duka la dawa za mifugo ambaye atakupa sindano ya antibayotiki kwa kila ugonjwa. Wengi wanapokea simu usiku ukishafahamiana nao kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ndio faida ya kumpeleka akiwa mzima. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya chuo, ila kwa lili usianze safari hiyo kabla hajawekewa dripu hapa mjini.

Atafanyiwa nini huko?

Kama ni mapema atatapishwa kwa dawa ya kitaalamu, atapewa mkaa maalumu, atawekewa dripu. Kwa lili dripu ni siku 2 mpaka 3 mfululizo na vipimo vya damu vya figo, sio chupa moja halafu nyumbani. Uliza gharama ya siku zote tatu mwanzoni ujue unajipanga vipi, na daktari akikwambia turudie kipimo kesho usione anakula hela.

## Ya pembeni

Kitoto cha paka kinatafuna kila kitu, kitaacha?

Wengi wanapunguza wakikua. Mpaka hapo, kundi la magimbi lote lihame chumba anacholala, mwili mdogo dozi ndogo.

Paka ana mimba, kuna tofauti?

Orodha ni ile ile, ila daktari aambiwe ana mimba kabla ya dawa yoyote.

Analala tu juu ya chungu cha sneki planti, hatafuni jani. Nimwache?

Mwache. Sumu haipiti kwa kulalia. Kwa mnyaa na adeniumu hapana, utomvu ukimpaka atalamba.

Mabaki ya rosti yenye vitunguu?

Sio ua lakini naulizwa sana. Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani yake vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Mtolee dagaa wake kabla hujaunga.

Basi niweke ya plastiki yote niache kusumbuka?

Weka, ila akitafuna akameza kipande kitamziba utumbo na hiyo ni operesheni. Ya kitambaa yenye nyuzi ndio mabaya zaidi. Mimi ningechukua spaida planti.